Neno "sawa" katika kikao chetu: fundisho kutoka mradi wa msamiati wa sokoni

Utangulizi

Makala haya yanahusu kikao kimoja cha wanafunzi sita kilichodumu dakika 52. Katika kikao hicho hakuna aliyegombana na mwenzake, hakuna aliyeondoka kabla ya mwisho, na kila uamuzi ulipita kwa neno moja: sawa. Wiki mbili baadaye tuligundua kwamba uamuzi mkubwa kuliko yote ulikuwa umeeleweka kwa namna mbili zinazopingana, na kwamba kwa sababu hiyo tulikuwa tumepoteza maneno ya mama mmoja aliyetupa muda wake bila malipo. Mimi nilikuwa katibu wa kikao. Sentensi iliyoleta hasara niliiandika mimi.

Siandiki ili kumlaumu mwenzangu yeyote. Ninaandika kwa sababu sisi tunaosoma lugha tuna hatari yetu ya pekee: darasani tunajifunza nadharia za mawasiliano, tunajibu mtihani, kisha tunaingia katika kikao chetu wenyewe tukidhani kwamba kuelewana ni jambo linalokuja lenyewe. Nitaeleza kwanza mradi, kisha kikao na kosa lake, baadaye nitalichambua kwa msaada wa nadharia tulizosoma, na mwisho nitataja mazoea manne tuliyoyachukua.

1. Mradi wetu

Kazi tuliyopewa ilikuwa kukusanya msamiati wa biashara ndogo katika Soko la Kenya, hapa Lubumbashi, na kutengeneza faharasa ya maneno 120 yenye maana na mifano ya matumizi. Tulipanga kuwarekodi wauzaji watatu, kunukuu mazungumzo yao neno kwa neno, kisha kuchagua maneno. Tuligawana kazi: kiongozi wa kikundi, ambaye ametuzidi umri na sote tunamwita yaya, wawili wa kurekodi, mmoja wa kunukuu, mmoja wa kutafuta maana, na mimi katibu.

Kiswahili cha sokoni si kile cha vitabu vyetu vya sarufi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na watu waliokuja kufanya kazi katika migodi na reli walitoka Katanga yenyewe, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Rwanda na Burundi. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kukutania, nacho kikapata sura yake hapa. Edgar Polomé alikichunguza katika makala yake ya mwaka 1968, na tangu hapo hakuna sababu ya mwanafunzi wa lugha kukiita Kiswahili kilichoharibika. Kina utaratibu wake.

Tofauti nyingi kati yake na Kiswahili sanifu huonekana wazi. Tunasema batu, si watu. Mutoto, si mtoto. Bukari, si ugali. Njo mahali ambapo sanifu ina ndiyo. Msikilizaji akikutana na neno kama hilo hujua mara moja kwamba yuko katika Kiswahili kingine. Lakini zipo tofauti zisizoonekana, na hizo ndizo za hatari. Kitenzi kuuza ni mfano. Katika Kiswahili sanifu, anayeuza hutoa bidhaa na kupokea fedha. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kuuza ni kutoa fedha na kupokea bidhaa, yaani kununua. Anayetoa bidhaa anauzisha. Umbo la neno ni lile lile, lakini fedha zinaelekea upande wa pili.

2. Kikao

Tulikutana katika auditwari baada ya somo la mchana. Simu yangu ilikuwa mezani ikirekodi, ili nisipitwe na kitu wakati wa kuandika kumbukumbu. Nimesikiliza rekodi hiyo mara nne baadaye, na takwimu ninazotoa hapa zinatoka humo.

Jambo la tatu kwenye orodha lilikuwa unukuzi. Yaya alisema: "Tuandike sawa vile mama alisema." Kwa mtu wa Lubumbashi sentensi hiyo haina shida: sawa vile ni kama vile. Maana yake ni kwamba kila neno liandikwe jinsi lilivyotoka kinywani, hata kama kamusi hailijui. Watu wanne wakajibu "sawa" karibu kwa pamoja, na kabla sauti zao hazijatulia mmoja akauliza kuhusu fedha za usafiri. Mimi nilikuwa nikiandika haraka ili nifike kwenye jambo la usafiri pamoja na wengine. Nikaandika: "Maneno yaandikwe sawa." Nikaacha hapo.

Katika dakika zile 52, neno sawa lilitamkwa mara 37. Maswali ya kutaka ufafanuzi yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalihusu usafiri. Mwenzetu wa kunukuu alizungumza mara tatu, na kauli yake ndefu kuliko zote ilikuwa na maneno saba. Wakati ule nilihesabu hayo kuwa mafanikio. Nilimwambia yaya tulipotoka: "Leo tumefanya kikao kizuri."

3. Kosa lilivyoonekana

Mwenzetu wa kunukuu alisoma shule ya msingi Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na alikuwa amejiunga na promosyo yetu mwaka ule ule. Alipoanza kazi hakutegemea kumbukumbu ya kichwa. Alifungua zile nilizoandika. Aliona: "Maneno yaandikwe sawa." Kwa Kiswahili alichokulia, kuandika sawa ni kuandika sawasawa, bila makosa. Akafanya hivyo kwa bidii kubwa. Batu wakawa watu, bukari ikawa ugali, njo ikawa ndiyo. Alipokutana na kuuzisha, aliona kwamba muuzaji ndiye anayesema, basi akaandika kuuza, kama sarufi inavyotaka. Alipokutana na kuuza, hakuona kosa lolote. Akaliacha.

Kurasa tisa zilikamilika kwa siku tano. Aliyerekodi alimwandikia: "Umemaliza?" Akajibu: "Nimemaliza, iko sawa." Simu ya aliyerekodi ilikuwa imejaa, na kesho yake alipaswa kumrekodi muuzaji wa pili. Akafuta faili ya dakika 47.

Aliyegundua ni mwenzetu wa kutafuta maana, ambaye tangu utoto wake alimsaidia mama yake kwenye meza ya sokoni. Alifika kwenye mstari huu: "Nilikuwa nauza unga Kasumbalesa, naleta hapa, nauza." Akatuuliza: "Mtu anauza unga mpakani, halafu analeta nini huku?" Tulicheka kwanza. Kisha tukaacha kucheka. Mama alikuwa amesema, karibu kwa hakika: "Nilikuwa nauza bunga ku Kasumbalesa, naleta hapa, nauzisha." Alinunua kule, akauza huku. Katika maandishi yetu vitendo viwili vilikuwa vimekuwa kimoja.

Tukahesabu. Kitenzi kuuza kilikuwa mara 31 katika kurasa tisa. Mahali 12 muktadha ulituonyesha kama mama alikuwa ananunua au anauza. Mahali 19 haukutuonyesha. Mama alisimulia jinsi alivyoanza na meka mbili za unga, jinsi alivyoingia katika likelemba na wenzake, na jinsi deni moja lilivyokaribia kumtoa sokoni. Lakini nani alimuuzia nani, na nani alibaki na deni la nani, hatukuweza tena kusema. Sauti ilikuwa imefutwa.

Tulipokaa kuzungumza, mwenzetu alisema kwa sauti ndogo: "Yaya, nilitaka kuuliza siku ile. Lakini wote mlisema sawa, nikadhani ni mimi peke yangu ambaye sijaelewa."

4. Uchambuzi

Niliporudi kwenye rekodi ya kikao, nilijiuliza swali moja: watu wanaposema sawa, wanafanya nini? J. L. Austin, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Tunaahidi, tunakubali, tunaonya kwa maneno yenyewe. Basi nilijaribu kupanga zile sawa 37 kwa tendo linalofanywa. Nilipata angalau matendo matano: nimekusikia, ninakubaliana nawe, nitafanya, tusonge mbele, na, tusibishane hapa. Mengi yalikuwa ya aina ya kwanza na ya nne. Lakini katika kumbukumbu zangu zote ziligeuka kuwa za aina ya tatu, yaani ahadi. Hapo ndipo katibu alipokosea mara ya kwanza: nilihesabu mwitikio kama mkataba.

Kosa la pili linaelezwa vizuri na H. P. Grice. Katika makala yake ya mwaka 1975 alieleza kanuni ya ushirikiano na misingi yake minne: kiasi, ukweli, uhusiano na namna. Mzungumzaji atoe habari ya kutosha, na aepuke utata. Sentensi yangu ilivunja yote mawili. Nilikata maneno matatu, vile mama alisema, na kwa kuyakata nikageuza sawa kutoka kuwa neno la kulinganisha hadi kuwa neno la usahihi. Aliyeisoma hakukosea kusoma. Alitumia kanuni ya Grice kwa uaminifu: aliamini kwamba katibu ameandika yote yanayohitajika.

Lakini nadharia iliyonisaidia zaidi ni ile ya Herbert Clark na Edward Schaefer ya mwaka 1989. Wao wanasema kwamba kauli haijakamilika inapotamkwa; inakamilika pale wote wawili wanapokuwa na ushahidi wa kutosha kwamba imeeleweka. Na ushahidi huo una nguvu tofauti. Mtu kuendelea kukutazama ni ushahidi dhaifu. Mtu kuitikia, kutikisa kichwa au kusema neno kama sawa, ni wenye nguvu kidogo zaidi. Mtu kuonyesha kwa tendo kile alichoelewa, au kurudia ulichosema, ndio ushahidi mkubwa. Kikao chetu kizima kilisimama juu ya kuitikia. Hakuna mtu hata mmoja aliyeonyesha.

Kwa nini hakuna aliyeuliza? Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao cha mwaka 1987, wanaeleza kwamba kila mzungumzaji analinda uso wake na uso wa mwenzake, yaani heshima mbele za watu. Kumuuliza mkubwa "unamaanisha nini?" kunaweza kusikika kama kumwambia kwamba hakusema vizuri. Kwetu jambo hili lina uzito. Yaya si cheo cha kazi. Ni neno la nyumbani, na mdogo hamkatizi yaya. Anayeuliza pia anahatarisha uso wake, hasa akiwa mgeni na wote wamekwisha kuitikia. Kwa hiyo ukimya wa mwenzetu haukuwa uzembe. Ulikuwa adabu. Ubaya ni kwamba kikao chetu hakikuwa na njia ya kuuliza ambayo ingemruhusu abaki na adabu yake.

5. Kurudi kwa mama

Siku kumi na moja kabla ya kutoa kazi, watatu wetu tulirudi sokoni. Yaya ndiye aliyesema. Alimwambia mama ukweli: kwamba tulibadilisha maneno yake, kwamba sauti imefutwa, na kwamba tunaomba atusaidie tena. Mama aliacha kupima unga wake akatutazama. Akauliza: "Sasa, nilisemaka mubaya?"

Swali hilo sijalisahau. Sisi tulifika na habari ya faili iliyofutwa. Yeye alisikia jambo jingine: watoto wa chuo kikuu wamekuja, wamechukua maneno yake, wameyasahihisha. Yaya alijibu: "Hapana, mama. Ulisema vizuri. Sisi ndio tuliandika vibaya." Mama alikubali kurekodiwa, na hakutudai kitu.

Lakini rekodi ya pili haikuwa kama ya kwanza. Ilidumu dakika 22. Mama alizungumza polepole, akichagua maneno. Mara tatu alisema kununua, neno ambalo wakati wa kuomba radhi tulikuwa tumelitamka mbele yake ili kumweleza kosa letu. Hadithi ya deni hakuirudia. Alisema tu kwamba hayo yamepita. William Labov aliandika mwaka 1972 kuhusu kitendawili cha mtafiti: tunataka kujua watu wanavyosema wasipochunguzwa, na hatuna njia ya kujua isipokuwa kuwachunguza. Mara ya kwanza mama alikuwa amesahau kwamba anachunguzwa. Mara ya pili hakusahau, na tuliomkumbusha ni sisi.

Katika faharasa tulitoa maneno 104, si 120. Katika dibaji tulieleza sababu. Asistenti wetu alitupunguzia alama kwa idadi, na nadhani alifanya haki.

6. Mazoea manne

Kabla ya muuzaji wa tatu tulifanya kikao kingine kwa masharti mapya. Ninayaandika hapa kwa ajili ya vikundi vitakavyofuata.

Kwanza, uamuzi usomwe kwa sauti kabla ya kupita. Katibu asiandike kimya kimya na kupeleka kumbukumbu kesho yake. Asimamishe kikao, asome sentensi nzima, na jambo linalofuata lisianze kabla hajamaliza kusoma. Pale tunapochanganya Kiswahili na Kifaransa, kama ilivyo desturi yetu, sentensi ya uamuzi isomwe kwa lugha zote mbili. Maneno yenye maana mbili hujitokeza haraka yanapolazimika kuvuka kwenda lugha nyingine. Kama ningelazimika kusema sentensi yangu kwa Kifaransa, ningepaswa kuchagua kati ya "kama" na "kwa usahihi", na kosa lingekufa palepale.

Pili, atakayefanya kazi aonyeshe mfano mmoja mbele ya wote. Asiseme "nimeelewa". Anukuu mstari mmoja wa rekodi, au aandike kidahizo kimoja cha faharasa, nasi tutazame. Hii inachukua dakika mbili au tatu. Mwenzetu angeandika watu mahali ambapo mama alisema batu, na yaya angeona.

Tatu, anayeuliza awe kiongozi, na wa kwanza kujibu awe mdogo au mgeni. Swali la "mmeelewa?" lina jibu moja tu lenye adabu, nalo ni ndiyo. Swali la "wewe utaanzaje?" halina jibu la adabu, lina jibu la kazi. Tena kiongozi akianza kwa kusema "huenda sikusema vizuri", amechukua mzigo wa uso juu yake mwenyewe, na mdogo anaweza kuuliza bila kumvunjia mtu heshima.

Nne, kitu cha asili kisifutwe. Sauti iwekwe katika nakala mbili, kwa watu wawili, na ifutwe tu baada ya mtu asiyehusika na unukuzi kusikiliza na kulinganisha. Mazoea matatu ya kwanza hupunguza kutoelewana, lakini hayakimalizi. Hili la nne ndilo linaloruhusu kosa lirekebishwe.

Sitaficha gharama. Kikao cha masharti mapya kilidumu dakika 80, na yaya alilalamika mara mbili kwamba tunazungumza kama wanasheria. Lakini katika dakika hizo tuligundua kwamba wawili wetu walielewa tofauti hata neno maelezo: mmoja alikuwa akieleza maana kwa Kiswahili sanifu, mwingine kwa Kifaransa, na wote wawili walikuwa wamesema sawa. Pia tulikubaliana kwamba meka iandikwe meka, pamoja na maelezo ya chombo kinachotumika, badala ya kuigeuza kuwa kilo.

Hitimisho

Nilikuwa nikiamini kwamba kikao kizuri ni kile ambacho watu wanakubaliana. Sasa ninaamini kwamba kikao kizuri ni kile ambacho kutoelewana kunaonekana mapema, kukiwa bado hakujamgharimu mtu aliye nje ya kikao. Kwetu aliyelipa hakuwa miongoni mwa sita. Alikuwa sokoni, akipima unga, hajui kwamba katika auditwari kuna watu waliosema sawa kwa niaba yake.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, ukiwa katibu wa kikundi na ukasikia sauti nne zikisema sawa kwa pamoja, usiandike bado. Mgeukie yule ambaye hajasema kitu, mpe kalamu, umwombe aonyeshe mstari wa kwanza.